TABIBU MKUU WA SAIS NA NYUMBA YA UZIMA



Leo twataka kuwasimulia habari za mtu mmoja wa Misri ya kale, aliyekuwa tabibu mkuu na tena mkubwa katika nyumba ya mfalme. Jina lake ni Udjahorresnet. Ni jina zito kwa ulimi wetu, lakini mkilikata vipande halitawashinda: Udja-hor-resnet. Aliishi miaka 500 na zaidi kabla ya kuzaliwa kwa Kristo.

Pengine mtu atauliza, Mmisri wa zamani hizo ana habari gani na sisi watu wa Musoma, Bunda na Butiama? Twamjibu kwa maji. Mto wetu wa Mara hutoka katika msitu wa Mau huko Kenya, hupita katika mbuga za Serengeti, kisha huingia katika ziwa karibu na mji wa Musoma. Maji ya ziwa hutokea Jinja katika nchi ya Uganda, nayo ndiyo mto Nile. Hushuka Sudani, hupita Khartoum, na mwisho hufika Misri. Karibu na bahari Nile hugawanyika matawi, na upande wa magharibi wa nchi ile ya matawi palikuwa na mji ulioitwa Sais. Huko ndiko kwao mtu wetu. Basi mvuvi wa Musoma na tabibu wa Sais, ingawa miaka mingi na nchi nyingi zawatenga, mto wao ni mmoja.

Habari zake twazipata katika sanamu yake mwenyewe. Ni sanamu ndogo ya jiwe la rangi ya kijani iliyoiva, yaonyesha mtu aliyesimama, ameshika mbele yake kijumba kitakatifu chenye umbo la mungu ndani yake. Kichwa chake kilivunjika zamani, lakini vazi lake refu limejaa maandiko, na maandiko hayo yaeleza kazi zake zote. Sanamu hiyo imehifadhiwa Vatican, katika mji wa Roma. Na kaburi lake huko Abusir, karibu na Cairo, lilichimbuliwa na wataalamu wa Kicheki katika miaka ya 1980 na 1990. Yatupasa kukumbuka neno moja tangu mwanzo: anayesema katika jiwe lile ni yeye mwenyewe, akijisifu mbele ya watu na mbele ya miungu yake. Kwa hiyo tutamsikiliza kama wazee wamsikilizavyo mwenye kesi barazani, kwa adabu, lakini tukipima maneno yake.

Msidhani kuwa tabibu wa mfalme alikuwa mtu wa kutia dawa tu. Sisi wenyewe twajua jinsi kazi ya kuponya na kazi ya kutawala ziwezavyo kukaa katika mkono mmoja. Waikizu wa nchi ya Bunda husimulia habari za Nyakinywa, mwanamke aliyeshika mvua na utemi pamoja. Kwa maana watu humtii yule ambaye uhai wao umo mikononi mwake. Ndivyo ilivyokuwa Misri. Mtu aliyeruhusiwa kuugusa mwili wa mfalme alikuwa karibu na sikio lake pia. Na mtu aliye karibu na sikio la mfalme aweza kuomba neno.

Matabibu wa Misri walisifiwa katika nchi zote. Herodotus, Myunani aliyetembea Misri na kuandika habari zake, asema kuwa kila tabibu huko alishughulika na ugonjwa mmoja: huyu wa macho, huyu wa kichwa, huyu wa meno, huyu wa tumbo. Nao waliandika elimu yao. Kuna kitabu cha mafunjo kilichonunuliwa Luxor mwaka 1862 na Mmarekani Edwin Smith, nacho chaeleza habari za majeruhi 48, kikianzia kichwani na kushuka. Kila habari ina utaratibu: kwanza tabibu atazame na kupapasa, kisha aseme ni jeraha gani, kisha akate shauri. Mashauri ni matatu tu: hili nitalitibu, hili nitashindana nalo, hili halitibiki. Fikirini ushujaa wa neno lile la tatu. Mganga wa uongo hana neno hilo kinywani mwake, maana yeye huponya kila kitu hadi mgonjwa amalizapo kuku na mbuzi wake. Kitabu kingine, kiitwacho cha Ebers, kina dawa mamia, na nyingine hazitushangazi sisi: asali kwa vidonda, na mafuta ya mbarika kwa tumbo.

Elimu hiyo ilitunzwa katika mahali palipoitwa Nyumba ya Uzima. Ilikuwa karibu na hekalu, na ndani yake waandishi walinakili vitabu vya dini, vya nyota, na vya uganga. Shikeni jina hilo, kwa kuwa tutalirudia.

Sasa tumtazame Udjahorresnet. Mwanzo wa habari hakuwa tabibu wa mfalme. Alikuwa mkuu wa merikebu za vita, chini ya Farao Amasis, na baadaye chini ya mwanawe, Psamtik wa tatu. Psamtik hakutawala hata mwaka mmoja. Mwaka 525 kabla ya Kristo, Cambyses mfalme wa Waajemi alikuja na jeshi kubwa kutoka mashariki, akawapiga Wamisri penye lango la nchi yao, akaitwaa Misri yote. Huyu Cambyses alikuwa mwana wa Cyrus, ambaye Biblia ya Kiswahili humwita Koreshi.

Katika sanamu yake Udjahorresnet asema kuwa taabu kubwa iliipata nchi nzima, taabu ambayo mfano wake haukuwahi kuonekana. Lakini hamtaji aliyeileta. Ukisoma maandiko yote, humwoni amlaumuye. Kinyume chake, asema kwamba Cambyses alimpa ukuu wa matabibu, akamweka karibu naye katika jumba la kifalme. Na yeye akamtungia mshindi jina la kifalme la Kimisri, Mesuti-Re, maana yake mzao wa Re, mungu wa jua. Mkuu wa merikebu za mfalme aliyeshindwa sasa amekuwa tabibu wa mfalme aliyeshinda.

Hapa twajua kuwa wengi wenu mmekunja uso. Mtu huyu si msaliti? Swali hilo si la Misri peke yake. Nchi yetu ya Mara ilitawaliwa na Wajerumani mpaka wakati wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, kisha na Waingereza mpaka mwaka 1961. Katika miaka yote ile watemi, makarani, wauguzi na walimu walikuwa na swali lile lile kila asubuhi: nikimtumikia mgeni, namtumikia nani? Wako waliotumika wakashiba wao na jamaa zao, wakafumba macho. Na wako waliotumika huku wakichukua kila walichoweza na kukipeleka kwa watu wao. Kwa mavazi na kwa cheo walifanana. Basi twawapambanuaje? Twaona kipimo ni kimoja: mtu aliyefika karibu na sikio la mkubwa, aliomba nini?

Miaka karibu 2,000 kabla ya Udjahorresnet, alikuwako tabibu mwingine wa mfalme, jina lake Niankhsekhmet, aliyemtumikia Farao Sahure. Huyu alimwomba mfalme mlango wa jiwe kwa kaburi lake. Mfalme akapendezwa, akaagiza milango miwili ya jiwe zuri kutoka Tura, akawaweka mafundi wafanye kazi katika ukumbi wake mwenyewe, ili aione kila siku. Ni hadithi njema ya mfalme mwenye shukrani. Lakini ombi lilikuwa la mtu mmoja, na zawadi iliishia kaburini mwa mtu mmoja.

Udjahorresnet aliomba nini? Katika hekalu kubwa la Sais walikuwa wamekaa wageni, wamejenga nyumba zao ndani ya mahali patakatifu. Alimwendea Cambyses akamweleza heshima ya mahali pale. Ndipo mfalme akaamuru wageni watolewe, nyumba zao zibomolewe, hekalu lisafishwe, watumishi wake warudishwe, na sadaka na sikukuu ziwe kama zilivyokuwa zamani. Tena asema kwamba katika siku za taabu alimkinga mnyonge asionewe na mwenye nguvu, alimwokoa mwenye hofu, alimzika asiye na kaburi, na kuwalea watoto wa watu.

Je, tuyaamini haya? Herodotus asimulia kinyume. Kwake Cambyses ni mtu mwenye wazimu, aliyeitoa maiti ya Amasis kaburini huko Sais akaichoma moto, na kumjeruhi fahali Apis, mnyama mtakatifu wa Wamisri, hata akafa. Lakini Herodotus aliandika miaka mingi baadaye, kwa kusikia kwa watu waliowachukia Waajemi. Na wachimbaji wamekuta jiwe la kaburi la Apis lionyeshalo kuwa fahali alizikwa kwa heshima zote katika siku za Cambyses. Ninyi wanafunzi, angalieni jambo hili vizuri. Shahidi mmoja amesifu, na shahidi mwingine amelaumu. Mwenye akili hamshiki wa kwanza kwa sababu ni wa kwanza, wala wa pili kwa sababu ana maneno matamu. Hutafuta jiwe la tatu.

Cambyses alikufa mwaka 522, akatawala Darius. Huyu ndiye Dario wa kitabu cha Ezra, aliyewaruhusu Wayahudi wamalize kulijenga hekalu la Yerusalemu. Herodotus asimulia kuwa siku moja Darius aliteguka kifundo cha mguu alipokuwa akishuka juu ya farasi. Matabibu wa Kimisri waliokuwa barazani kwake wakauvuta na kuuzungusha mguu kwa nguvu, maumivu yakazidi, mfalme asipate usingizi usiku saba. Ndipo akaletwa mtumwa wa Kiyunani, Democedes, akautibu kwa upole mpaka ukapona. Mfalme alitaka kuwaua wale Wamisri, na Democedes ndiye aliyewaombea wakasamehewa. Kisa hiki chatuonyesha mambo mawili. La kwanza, ukaribu na mfalme ulikuwa kama kulala karibu na moto: huota joto, nawe waweza kuungua. La pili, sifa ya elimu haitunzwi kwa jina la mababu. Elimu isipofundishwa upya kwa kila kizazi, hubaki cheo bila kazi.

Basi katika siku za Darius huyo, Udjahorresnet alikuwa mbali na kwao, katika nchi ya Elamu. Huko mfalme alimpa agizo la kurudi Misri, ili aisimamishe tena Nyumba ya Uzima iliyokuwa imeanguka. Akachukuliwa kutoka nchi hadi nchi mpaka akafika kwao. Sanamu yaeleza aliyoyafanya. Aliwaweka wanafunzi. Aliwapa walimu wenye elimu wa kuwaongoza. Tena aliwapa kila kifaa cha kazi yao, kama ilivyoandikwa katika orodha za zamani. Na kwa nini mfalme aliamuru hivyo? Kwa sababu alijua faida ya kazi ile, yaani kumpa uzima kila aliye mgonjwa.

Ndugu zetu, sisi tufundishao walimu twalisimamia neno hili kwa furaha. Mtu huyu alijua kuwa shule haisimami kwa amri tu. Amri ya mfalme aliyetawala nusu ya dunia iliyojulikana siku zile isingemfundisha mtoto mmoja kuliosha jeraha, kama isingefuatwa na mwalimu, na kitabu, na chombo mkononi. Mambo matatu aliyataja, na kwa utaratibu: wanafunzi, walimu, vifaa.

Lakini kuna neno jingine katika sanamu ile, nalo limeandikwa kwa majivuno. Asema kuwa wanafunzi wale wote walikuwa wana wa watu wenye jina, na kwamba hapakuwa na mwana wa mtu duni hata mmoja kati yao.

Hapo twaachana naye. Yeye aliandika neno hili kama sifa, nasi twalisoma kama hasara. Jiulizeni, Misri ya siku zile ilikuwa na watoto wangapi wa wakulima, wa wavuvi, wa wafyatua matofali? Hao ndio waliougua sana, maana ndio walioshinda ndani ya maji na matope. Mtoto wa mkulima aliijua homa kwa kuwa ililala naye. Lau angepewa kalamu, pengine angeona lisiloonwa na mwana wa kuhani. Lakini mlango ulifungwa. Na elimu iliyofungiwa katika nyumba chache hufa nyumba hizo zinapokufa. Ikafika siku ambapo hapakuwa na mtu hata mmoja duniani awezaye kuyasoma maandiko yale ya Misri. Yakakaa kimya miaka zaidi ya 1,000, hata Mfaransa Champollion alipoifungua siri yake mwaka 1822.

Sasa turudi kwetu, kwenye chanzo cha mto. Hapa pia mlango wa shule ulikuwa mwembamba. Shule ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925, iliwekwa kwanza kwa ajili ya wana wa watemi. Mwaka 1934 mwana wa Mtemi Burito wa Wazanaki, Kambarage Nyerere wa Butiama, aliingia shule ya Mwisenge hapa Musoma, akiwa wa umri wa miaka 12; na mwaka 1937 akaenda Tabora. Yeye naye alikuwa mwana wa mtu mwenye jina. Lakini katika Butiama ile ile walikuwako watoto wa rika lake, wachunga mbuzi pamoja naye, ambao hawakuliona darasa kamwe. Yeye hakuwasahau, nalo ni jambo la kuliheshimu.

Mwezi wa Novemba mwaka 1974, akiwa Rais wa Tanzania, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana katika mji wetu wa Musoma. Ikakata shauri kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa kusoma awe na nafasi katika shule ya msingi. Hilo ndilo Azimio la Musoma. Lile neno la majivuno la Sais, kwamba hapana mwana wa mtu duni, lilijibiwa karibu miaka 2,500 baadaye, kandokando ya maji yale yale yashukayo kwenda Misri.

Hatutaki kusifu upande mmoja tu, maana tumesema twapima maneno. Watoto walijaa madarasani kuliko walimu. Ikabidi vijana waliomaliza darasa la saba wafundishwe ualimu upesi vijijini, na vitabu havikutosha. Baadaye ada zilirudi, watoto wengi wakabaki nyumbani, mpaka ada ya shule za msingi ilipofutwa tena kuanzia mwaka 2002, na ya sekondari hadi kidato cha nne mwaka 2016. Basi Sais na Musoma kila mmoja alishika nusu ya ukweli. Sais alijua kuwa shule bila mwalimu na bila vifaa si shule. Musoma alijua kuwa shule iliyomfungia maskini mlango si Nyumba ya Uzima, ni nyumba ya wachache. Nusu hizi mbili lazima ziunganishwe, na kazi hiyo haikumngojea mfalme wa Uajemi. Yatungojea sisi.

Wazazi wa vijijini, twawaomba mfanye hesabu ya tabibu yule. Mkutanapo shuleni, msiulize tu, watoto wangapi wameandikwa? Ulizeni pia, mwalimu yupo? Kitabu kipo, na ni kimoja kwa watoto wangapi? Na katika kijiji chenu, ni mtoto wa nani asiyeonekana darasani? Mkimjua kwa jina, mwendeeni mzazi wake kabla ya kumlaumu. Mara nyingine kinachomzuia ni daftari, au sare, au mdogo wake wa kumbeba mgongoni, mambo ambayo majirani watatu waweza kuyamaliza.

Nanyi wanafunzi, kati yenu wamo watakaokuwa matabibu, wauguzi na walimu, na wengine watafika karibu na masikio ya wakubwa. Siku hiyo ikifika, mtaulizwa bila sauti swali lile tulilomwuliza Udjahorresnet: umeomba nini? Yeye hakuomba mlango wa kaburi. Alipopata sikio la mfalme aliomba mahali patakatifu pasafishwe, na alipotumwa kuijenga upya shule ya waponyaji aliijenga mpaka chombo cha mwisho. Kwa hayo twamheshimu, ingawa alimtumikia mgeni. Ninyi mpitieni mbele kwa jambo moja: mwitieni ndani mwana wa mtu duni, naye akae penye kiti cha mbele.

Kwaherini, na maji ya ziwa letu yawafikishie Wamisri salamu zetu.